Sili ya Risasi Yenye Tundu

Mimi kwetu Tanga, na Tanga nzima inajua kwamba ukinituma dukani kuleta kiberiti nitarudi na habari ya moto uliounguza mtaa. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu alikuwa akisema nilipozaliwa nililia mara moja tu, kisha nikaanza kusimulia safari ilivyokuwa. Kwa hiyo humu ndani nimejizuia, na pale niliposhindwa kujizuia utapaona mwenyewe, maana hakuna mwenye akili atakayeamini. Lakini habari ya Baba na ile sili sijaiongeza hata punje. Hiyo naiweka kama ilivyokuwa.

Miaka ile Doha ilikuwa winchi na vumbi. Ukilala mchana, ukiamka unakuta ghorofa limesimama mahali ulipoegesha gari. Nilikuwa dereva wa nyumba moja mtaa wa Muaither, na mwenye nyumba tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani kule wanavyomwita tajiri wao hata akiwa ni mdogo wao. Huyu hakuwa mdogo. Alikuwa na miaka sabini na ushei, mkewe ameshatangulia mbele ya haki, watoto wake wameoa na kuolewa. Na alikuwa mweusi kuliko mimi, wakati mimi kivuli changu hunisalimia kikidhani mimi ni mwenzake. Siku ya kwanza nilipomwona amekaa na kanzu yake nyeupe nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akanijibu kwa Kiarabu kwamba yeye ni mtu wa hapa hapa, Kiswahili hajui. Nikaona aibu. Nikasema moyoni, haya, nimeanza vibaya.

Baadaye ndipo aliponieleza. Tulikuwa kwenye gari, tumetoka Al Sadd kuchukua dawa zake za sukari, akaanza tu bila mimi kuuliza. Mama yake hakuzaliwa Doha. Aliletwa mtoto mdogo, kwa bahari, toka huko kwetu pwani, na tajiri mmoja mfanyabiashara wa nguo. Baba hakusema aliuzwa. Alisema "aliletwa", akaendelea. Mama yake alikulia jikoni kwa huyo tajiri, akaolewa humo humo, na Baba akazaliwa kwenye chumba cha uani. Yule mama alikufa Baba akiwa na miaka saba.

"Alinitajia jina la mji wao," Baba akasema. "Nilikuwa nimelala mapajani kwake. Nililisikia. Nimelisahau."

Nikakaa kimya, na mimi kukaa kimya ni kazi kubwa kuliko kubeba jiwe la kusagia.

Kitu kimoja hakukisahau. Mama yake alimwambia kwamba safarini alilazwa juu ya marobota ya nguo, na kila robota lilikuwa limefungwa kwa sili ya risasi, ile madini laini ya kijivu, kipande cha duara kama kifungo kikubwa cha koti, kimebanwa kwa koleo mpaka herufi zikasimama. Usiku mmoja akaing'oa sili moja kwa meno. Alipofika Doha akaitoboa tundu kwa msumari, akaipitisha uzi, akaivaa shingoni. Siku moja alipokuwa akifua uani uzi ukakatika, sili ikaangukia mchangani, wakaitafuta wee wasiione. Baba alikuwa akitambaa wakati huo. Mama aliililia ile sili mpaka anakufa. Alikuwa akisema, "Mji wangu uko pale uani."

Sasa nyumba ile ya zamani, katikati ya mji, ilikuwa ivunjwe pamoja na mtaa wote. Warithi wa tajiri walishahama zamani. Wakampa Baba ruhusa achimbechimbe uani kwa wiki tatu, kabla buldoza halijaingia. Na mwanawe mmoja, aliyekuwa akiishi The Pearl, kile kisiwa cha matajiri, ghorofa ya juu ambayo ndege wanapita chini yake, akamnunulia mashine ya kutafutia chuma, ile fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, inayolia ikipita juu ya kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alitaka aione ile sili, asome kilichoandikwa, ajue mama yake ni wa wapi kabla naye hajaondoka.

Basi kila siku baada ya sala ya alfajiri tulikuwa pale uani mpaka saa tatu, jua linapofika mahali ambapo mjusi anaomba kuazima kandambili. Baba anashika mashine, mimi nashika sepetu. Mashine ililia kama mtoto anayeota meno. Tulitoa misumari ya kutosha kujenga msikiti. Tulitoa visoda, makopo ya samaki, ufunguo, mfuniko wa dele la kahawa. Nilichimba mpaka nikaanza kusikia watu wa upande wa pili wa dunia wakiniuliza nina shida gani.

Wiki ya pili tukapata sili mbili. Baba alizishika kwenye kiganja kama mtu aliyeshika vifaranga. Zilikuwa nyeupe kwa ukungu wa risasi ya zamani, na nyuma yake, usiamini ukitaka, alama ya nguo ilikuwa imebaki, nyuzi zinaonekana zimekatizana, kwa jinsi zilivyobanwa. Mbele kulikuwa na herufi zilizofifia zisizosomeka, na umbo la mnyama. Lakini hazikuwa na tundu. Baba akazipindua, akazipindua tena, akanipa nizitie kwenye droo ya gari.

"Siyo yake," akasema. "Lakini marobota yalifunguliwa hapa. Mama hakusema uongo."

Mimi sili nilizijua. Bibi yangu Tanga alikuwa na pazia la mlango, na kwenye pindo alishonea sili kama hizo ili upepo usilipeperushe. Alizipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo. Nilimwambia Baba, akafurahi, akasema kumbe nimekua na mambo haya. Laiti ningenyamaza hapo.

Siku niliyoipata yenye tundu Baba hakuwepo. Alikuwa kliniki, sukari imempanda, mwanawe kampeleka, akaniambia niende uani peke yangu nisipoteze siku. Mashine ikalia pembeni ya ukuta, palipokuwa na jiwe la kufulia. Nikachimba kiasi cha kiwiko. Ikatoka. Nikaifuta kwa kidole gumba, nikaona tundu, halikuwa duara, lilikuwa la kupigapiga kwa msumari. Nikakaa chini mchangani. Sikumbuki nilikaa muda gani.

Sasa kwetu, kitu cha kumpa mkubwa hukipeleki kichafu. Hata embe unalifuta kwanza kwa kanzu. Mimi nikaona nitampa mzee huyu kipande cha mama yake kimejaa matope na ukungu? Nikaenda nacho mpaka jikoni Muaither. Nikakata ndimu, nikachukua mchanga mlaini, nikachukua na lile waya la kusugulia sufuria, nikakisugua kama alivyonifunza mama kusugua chombo cha shaba siku ya kuamkia Idi.

Mpishi wetu, mama mmoja wa Unguja mwenye mdomo unaoweza kumenya nazi, akanikuta.

"Unasugua nini hapo kwenye sinki langu?"

"Dhahabu."

"Dhahabu ya kijivu?"

"Ndiyo kwanza inaamka."

"Haya, iamshe. Ukimaliza uniamshie na lile sufuria la wali, limelala tangu jana."

Ilipong'aa ilikuwa nzuri kweli. Inameta kama kioo. Na ilikuwa tupu kama kioo. Kila kilichokuwa kimeandikwa kilikuwa kimekaa ndani ya ule ukungu mweupe, na ukungu nimeupeleka wote na maji ya ndimu kwenye bomba la taka. Upande wa mbele palibaki mstari mmoja uliopinda, nao huuoni mpaka ukodoe. Mpishi akachungulia begani kwangu. Alijua tulichokuwa tunatafuta, nyumba nzima ilijua. Hakunitania. Alifunga bomba la maji, akatoka.

Baba alirudi adhuhuri. Nilimwekea ile sili kwenye kisahani cha kahawa. Akaliona tundu kabla hajaiona sili. Akakaa. Akaiweka shavuni, akaiacha pale, na mimi nikatazama zulia. Kisha akavaa miwani, akaipeleka dirishani.

"Zile nyingine zina maandishi," akasema. "Ya hii yako wapi?"

Hapa nataka unielewe. Ulimi wangu tangu utotoni haujawahi kuona shimo usilifukie. Kama ningesema neno moja la kweli, nimeyafuta, Baba, mambo yangeishia pale, na machozi yake yangekuwa ya siku moja.

"Yalikuwepo," nikasema. "Yalikuwa yanamong'onyoka. Nilivyoyaona tu nikayasoma upesi kabla hayajapotea."

"Yalisema nini?"

Mtu mwongo akiwa mvivu hutaja kwao.

"Yalisema Tanga."

Akalirudia lile jina, polepole, kama anaonja chai kama ina sukari. Tanga. Akanitazama. "Mji wako."

"Mji wangu, Baba."

"Basi wewe ni wa kwa mama yangu."

Kuanzia siku ile akaacha kuniita dereva. Akaniita khali, yaani mjomba, ndugu wa mama. Mzee wa miaka sabini ananiita mjomba, na hata kitinda mimba wake ni mkubwa kwangu. Wazee wenzake wakija kunywa kahawa ananiita niketi nao. "Huyu ni mjomba wangu," anawaambia, na wazee wa watu wananipa mkono wananiuliza hali ya jamaa zetu. Mpishi akawa ananipigia kelele toka jikoni, "Mjomba, ukimaliza kahawa, taka zinakusubiri huku." Lakini ukimwangalia usoni alikuwa hacheki.

Mimi, kusema kweli, mwezi wa kwanza nilifurahi. Nilimsimulia Baba Tanga mpaka Tanga yenyewe isingejitambua. Nilimjengea soko refu kama uwanja wa ndege. Nilimwambia machungwa yetu yakiiva mji mzima unafunga milango, maana harufu inalevya. Anasikiliza na ile sili kaishika mkononi. Halafu siku moja asubuhi akanionyesha tiketi mbili, yake na yangu, na mabegi mawili ya tende na vitambaa vya zawadi.

"Tukifika," akaniuliza, "tutaanza kuuliza kwa nani?"

Nikamwambia tutaona. Nikatoka nje nikaosha gari ambalo nilikuwa nimelimaliza kuliosha.

Ijumaa nikaenda Al Sadd kwa rafiki yangu Mkenya, askari wa mlangoni kwenye jengo moja la maduka. Kabla ya kuja Doha alifanya kazi Mombasa kwenye yadi ya makontena, kazi yake kukagua sili na kuzikata. Nilimwomba Baba aniazime ile yenye tundu kutwa moja nimwonyeshe mtu anayejua, akanipa ameifunga kwenye leso. Tukakaa mkahawani, chai ya maziwa na iliki mbele yetu. Nikatoa zote tatu.

"Hii nani ameiosha?" akauliza.

"Mimi."

"Na nini?"

"Ndimu na mchanga."

Akaweka kikombe chini. "Wewe buda, sili ndio ID ya mzigo. Yaani umechukua ID ya mama ya mtu ukaipiga pasi."

"Nilitaka ipendeze."

"Imependeza. Sasa haina jina."

Alikuwa fundi, lazima niseme. Alizilaza zile mbili nzima juu ya meza, akawasha tochi ya simu, akaiweka chini kabisa kandokando, mwanga ukapita kwa ubavu, na herufi zilizokuwa hazionekani zikatupa vivuli zikasimama. Akaweka karatasi nyembamba juu, akapitisha penseli kwa kulaza, kila kitu kikajichora. Ndovu. Juu yake herufi za Kizungu, chini yake maandishi ya Kihindi yaliyojikunja. Kisha akaiweka ile yangu kwenye mwanga ule ule, akaizungusha kidogo kidogo. Ule mstari mmoja uliobaki ulikuwa mkonga. Ukaingia sawasawa juu ya mkonga wa zile nyingine.

"Zimetoka shehena moja," akasema.

Akapiga picha, akazituma kwenye mtandao, kuna ukurasa wa watu wanaookota vitu kama hivi mashambani kwao na kuulizana. Siku nne baadaye akanipigia. Jibu lilikuwa limekuja. Ni sili za kiwanda cha nguo cha Bombei, za kufungia robota, na zimeonekana kila mahali nguo ile ilipouzwa, Basra, Maskati, Lamu, Kilwa.

"Kwa hiyo haisemi mji wake," nikasema.

"Sikia. Sili inakwambia nguo imefumwa wapi. Haikwambii nani alilalia hiyo nguo. Hata ungekuwa hujaiosha, haingesema."

Ungedhani nilipata nafuu. Kwamba sikufuta chochote cha maana. Lakini sikupata. Kwa sababu ndimu ilikuwa bahati mbaya, na Tanga haikuwa bahati mbaya.

Nilimwambia Baba asubuhi, ndani ya gari. Alikuwa amenitaka nimpitishe pale kwenye nyumba ya zamani, na hapakuwa na nyumba tena, palikuwa na shimo kubwa la msingi na malori yanashuka ndani kama sisimizi. Nikazima redio. Nikamweleza yote, toka ndimu mpaka Bombei. Sikutia utani hata mmoja. Nilimpa na ile karatasi ya penseli yenye ndovu.

Aliiangalia karatasi. Halafu akauliza, "Herufi hukuziona kabisa?"

"Sikuziona kabisa, Baba."

"Na Tanga?"

"Ndiko ninakotoka mimi. Sijui yeye alitoka wapi."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Watu wameshanipa mkono," akasema. "Wamenipongeza." Hakupaza sauti. Angenitukana ingekuwa sadaka. Akatazama mbele. "Twende, dereva."

Tende zilipelekwa msikitini, zikaliwa na mafundi wa ujenzi baada ya magharibi, kwa nia ya mama yake. Tiketi zikarudishwa. Mimi nikangoja nifukuzwe. Nilikusanya nguo zangu kwenye begi, mpishi akaniona, akaniambia, "Usijifukuze mwenyewe. Hiyo kazi mwachie mwenyewe." Wiki mbili Baba hakusema nami ila kulia, kushoto, simama.

Kisha asubuhi moja, tunaelekea kliniki, akasema, "Wewe ulisema uliwahi kuwa utingo wa lori."

"Toka Tanga mpaka Mtwara, Baba. Miaka sita." Nikajisahihisha. "Minne."

"Basi nitajie miji ya pwani yenu. Mmoja mmoja. Usinisimulie. Taja jina tu." Akalaza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. "Nililisikia mara moja. Limo humu ndani. Labda likiingia sikioni nitalijua."

Nikaanza. Tanga sikuitaja kwanza, niliona haya, nikaiweka mahali pake baada ya Vanga na Moa kama mji wowote. Pangani. Mkwaja. Saadani. Bagamoyo. Kunduchi. Mbwamaji. Kisiju. Hakulijua hata moja. Siku ya pili akataka tena, nami nilikuwa nimempigia yule Mkenya akanipa ya kwao, Lamu, Pate, Siyu, Faza, Malindi, Takaungu, Mtwapa. Mpishi akanipa ya visiwani, vijiji vingine nilikuwa sijavisikia tangu nizaliwe, naye akavitaja kwa upole kama anavyochambua mchele. Sikuongeza hata mji mmoja wa kubuni. Kila asubuhi njia nzima mimi nataja, yeye kafumba macho, sili kaifunga kwenye mkono kwa uzi mpya.

Siku moja tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Nilikuwa nimepita Kilwa, nikasema Kiswere, Baba akainua kidole.

Nikanyamaza. Nikamtazama kwenye kioo. Macho yalikuwa bado yamefumba, midomo inacheza kidogo bila sauti, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. Ningeweza kumsaidia. Ulimi wangu ulishajikunja tayari, neno moja tu, ndiyo Baba, ndio huo. Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi, na mimi nikauma ulimi wangu kwa meno, sitanii, nikaonja damu.

Kidole kikashuka taratibu mpaka magotini.

"Endelea," akasema.

Nikaondoa gari. Nikataja Mchinga.